Bendi yetu ya ujanani inaweza kurudi jukwaani bila kujiaibisha?

SWALI: Mimi ni mstaafu wa miaka 67, mkazi wa Kinondoni. Kati ya mwaka 1976 na 1983 nilipiga gitaa la rithimu katika bendi ya vijana iliyokuwa ikikopi roki na soul za ng'ambo, pamoja na nyimbo sita tulizotunga wenyewe. Hatukugombana, nyuzi za gitaa zilikuwa hazipatikani, vyombo vikafa, kila mtu akatafuta kazi. Watano kati yetu sita tungali hai. Mpiga drams wetu alifariki, ila mwanawe anapiga drams kanisani. Mwimbaji anaishi Mwanza. Tunataka kupiga onyesho moja tu hapa Dar es Salaam mwezi Desemba, na wajukuu wanatucheka. Je, jambo hili linawezekana? Tuanzie wapi?

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Jambo hili linawezekana, nami nimekaa nyuma ya miksa (mitambo ya kuchanganya sauti) za kutosha katika mji huu kuweza kusema hivyo bila kukufurahisha tu. Lakini linawezekana kwa sharti moja, ambalo bendi nyingi za wazee hulikubali zikiwa zimeshachelewa: mpige kwa koo, vidole na masikio mliyo nayo leo, si yale ya mwaka 1979. Karibu kila kitu nitakachokuandikia hapa kinatokana na sharti hilo.

Tuanze na koo la mwimbaji, kwa kuwa ndilo litakaloamua. Mtu anapozeeka, nyuzi za sauti kooni hupungua unene na kupoteza mnyumbuko, hazikutani vizuri kama zamani, na mapafu nayo hayasukumi hewa kwa nguvu ileile. Mwanaume aliyekuwa na sauti nzito anaweza hata kusikika mwembamba zaidi katika mazungumzo ya kawaida, huku noti za juu alizokuwa akizifikia kwa kelele zikiwa zimemkimbia kabisa. Roki ya miaka ya 1970 ilijengwa juu ya noti hizo hasa. Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla hamjakodi hata kipaza sauti kimoja, ni kumpigia simu mwenzenu wa Mwanza, aimbe beti mbili za kila wimbo bila ala, kisha mtafute kwenye gitaa noti ya juu kabisa anayoifikia bila kukaza shingo. Noti hiyo ndiyo itakayowapa kii ya wimbo, yaani kimo cha sauti mtakachoupigia. Ile iliyo kwenye kaseti haina amri tena.

Najua waimbaji huona kushusha kii ni kukiri kushindwa. Led Zeppelin, bendi ya roki ya Uingereza, waliporudi jukwaani katika ukumbi wa O2 jijini London tarehe 10 Desemba 2007, mwimbaji wao Robert Plant alikuwa na miaka 59, na nyimbo kadhaa zilipigwa chini ya kii za kwenye rekodi. Maombi ya tiketi yalikadiriwa kufikia milioni 20 kwa ukumbi unaochukua watu wapatao 20,000. Kama bendi yenye wateja wa namna hiyo ilishusha kii, sioni ni nani hapa Kinondoni atakayeona haya. Kwa taarifa yako, onyesho hilo lilikuwa lifanyike Novemba, likasogezwa mbele kwa sababu mpiga gitaa wao Jimmy Page alivunjika kidole. Nanyi wekeni tarehe inayoweza kusogea kidogo, maana katika umri wenu kidole, goti au shinikizo la damu huweza kudai wiki mbili bila kubisha hodi.

Namna ya kushusha kii nayo ina ufundi wake. Mpiga gitaa wa dansi, aliyezoea kuhama kutoka C kwenda B-flati bila kutazama mkono, atakwambia mhamishe tu kodi, yaani mashiko ya vidole kwenye gitaa. Kwa roki ushauri huo huharibu nyimbo, kwa sababu mapigo mengi ya roki yanategemea nyuzi zinazolia wazi, bila kubanwa na kidole; ukihama kii, uzi ule wa chini unaonguruma haupo tena, na wimbo hubaki kama chai isiyo na majani. Afadhali mlegeze magitaa yote, solo, rithimu na besi, kwa nusu toni (kituo kimoja cha shingo ya gitaa) au toni nzima, kisha mikono iendelee kushika palepale ilipozoea. Tena kuna faida ya pili ambayo vidole vyako vitaishukuru: mkazo wa uzi hupungua kwa takriban asilimia 11 ukishuka nusu toni, na kwa takriban asilimia 20 ukishuka toni nzima. Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, aliyekatwa ncha za vidole viwili kiwandani akiwa na miaka 17, alianza mwaka 1971 kulegeza nyuzi kwa nusu toni tatu ili vidole vyake viweze kazi, na mngurumo uliotokana na kulegea huko ukawa alama ya muziki wake. Ongeza na nyuzi nyembamba zaidi kuliko ulizozoea. Zamani mlifunga chochote kilicholetwa na baharia; sasa mnaweza kuchagua.

Hukunitajia mtu wa sita anapiga nini, lakini bendi za soul za wakati ule zilikuwa na saksafoni mara nyingi, kwa hiyo nitamsemea. Yeye hawezi kulegeza kitu. Wimbo wenu wa E humlazimisha, kama ana saksafoni ya alto, ambayo noti zake hutajwa kwa majina tofauti na ya gitaa, kupiga katika C-shapu yenye shapu saba (alama za kupandisha noti), jambo ambalo bila shaka lilimtesa hata ujanani. Mkishuka nusu toni hadi E-flati, yeye anaangukia C tupu, isiyo na shapu wala flati hata moja. Mkishuka toni nzima hadi D, anakutana na B yenye shapu tano. Kwa hiyo, kabla ya kuamua kati ya nusu na toni nzima, muulizeni. Kama ni kinanda, kitufe cha kuhamisha kii kitamaliza shughuli, mradi asisahau kukirudisha sifuri kwenye wimbo msioushusha. Hilo nimelishuhudia, na hakuna sauti mbaya duniani kama kinanda kilicho nusu toni pembeni ya magitaa.

Mwimbaji aanze mazoezi ya koo miezi miwili kabla, kila siku, dakika kumi kumi, si masaa. Zoezi ninalowapa wazee ni la mrija wa soda: ajaze glasi maji nusu, atumbukize mrija, kisha avumishe sauti ndani yake akipanda na kushuka taratibu huku mapovu yakitoka kwa usawa. Ataonekana kichekesho mbele ya wajukuu. Hata hivyo, msukumo unaorudi kutoka kwenye maji huzisaidia nyuzi za sauti kukutana bila kugongana, na ni zoezi linalotumiwa pia na wataalamu wa tiba ya sauti.

Masikio ndiyo sehemu ambayo wazee hunificha. Uzee huanza kuondoa sauti za juu, yaani matoazi, herufi "s" na "f" katika maneno, na ukali wa gitaa la solo. Na mtu aliyepiga muziki wa sauti kubwa ujanani amekwisha kupoteza sehemu yake kabla hata uzee haujafika. Matokeo yake ni kwamba mpiga solo huongeza amplifaya kwa kuwa hajisikii, wa besi naye hujibu, na baada ya nusu saa mwimbaji anapiga kelele badala ya kuimba. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa usalama kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli tatu zinapoongezeka muda salama hupungua nusu. Kwenye desibeli 100, kiwango ambacho drams ndani ya chumba kidogo hukifikia kwa urahisi, unabaki na dakika 15. Brian Johnson, mwimbaji wa bendi ya AC/DC, alilazimika kuacha ziara mwaka 2016 kwa ajili ya masikio, akarudi baadaye kwa msaada wa vifaa maalumu. Nunueni vizibo vya masikio vya wanamuziki kwa kila mmoja. Fanyeni mazoezi ya mwanzo kwa sauti ndogo, kiasi kwamba mtu aliyekaa mlangoni anaweza kuzungumza bila kupaza. Mtagundua mambo mawili: kwamba makosa mengi ya zamani yalifichwa na kelele, na kwamba mwimbaji wenu bado anaimba.

Sasa kijana wa drams. Wasiwasi niliouona katika barua yako ni kama kijana wa kanisani ataweza kupiga kama baba yake. Nakusihi usimtake apige kama baba yake. Led Zeppelin walimweka Jason Bonham, mwenye miaka 41, kwenye kiti cha baba yake John aliyefariki mwaka 1980. Phil Collins, mwimbaji na mpiga drams wa bendi ya Genesis, mgongo na mishipa ilipomzuia kushika fimbo, alikaa kwenye kiti akiimba wakati mwanawe Nic akipiga drams katika ziara ya mwisho ya Genesis ya mwaka 2021 na 2022. Wote wawili walizifahamu nyimbo kwa undani kuliko mpigaji yeyote wa kukodi, na wote wawili walipiga kwa mikono yao wenyewe. Mpe kijana kaseti, mwachie mwezi mmoja, kisha kaeni naye peke yenu, yeye na mpiga besi tu, kabla bendi nzima haijakutana. Tahadhari moja: wapigaji wengi wa kanisani wamezoea kusukuma mwendo kadiri wimbo unavyopamba moto, kwa sababu ibada inadai hivyo. Roki ya zamani inataka mwendo ubaki mzito palepale hata jasho likitoka. Kama mpiga besi wako ni mtu wa busara, atamzuia kwa besi bila kumwambia neno.

Juu ya mazoezi, usidanganywe na siku ya kwanza. Mtakapokutana, vidole vitakumbuka mambo ambayo ninyi wenyewe mmesahau, mtacheka, mtalia kidogo, mtarudi nyumbani mkiamini mko tayari. Siku ya pili ndiyo ya ukweli. Mkono unaokumbuka wimbo kwa mazoea hauwezi kuanzia katikati. Ukikosea beti la pili hujui uingilie wapi. Zaidi ya hapo, kila mtu amebeba wimbo tofauti kichwani: mmoja anakumbuka rekodi, mwingine anakumbuka namna mlivyoupiga dansini, wa tatu anakumbuka kiitikio kilichoongezwa mwaka 1981 siku ambayo wengine hawakuwepo. Chagueni rekodi moja ya kila wimbo iwe hakimu, msikilize pamoja mkiwa mmeweka ala chini, mkubaliane idadi ya mizunguko, mwandike. The Police, watu watatu waliokuwa wakijaza viwanja, waliporudi mwaka 2007 walivurunda onyesho la mapema la ziara yao huko Vancouver kiasi kwamba mpiga drams wao, Stewart Copeland, aliandika hadharani jinsi walivyopishana jukwaani. Nao walikuwa wamefanya mazoezi. Ninyi pangeni mikutano isiyopungua kumi na miwili, minne ya mwisho mkiwa na mwimbaji ana kwa ana. Mwezi mmoja wa Mwanza kuja kukaa Dar es Salaam ni gharama, lakini ndiyo gharama ya kwanza kuiweka kwenye bajeti, kabla ya fulana na mabango.

Idadi ya nyimbo iwe ndogo kuliko mnavyotamani. Pink Floyd, wanne waliokuwa hawajapiga pamoja tangu mwaka 1981, walisimama Hyde Park, London, tarehe 2 Julai 2005 kwa muda usiofika nusu saa, na mpaka leo watu wanazungumzia nusu saa hiyo. Black Sabbath wa awali walirudi Villa Park, Birmingham, tarehe 5 Julai 2025, na wakapiga nyimbo nne tu pamoja, mwimbaji wao Ozzy Osbourne akiwa ameketi kwenye kiti chake kwa sababu ya maradhi. Siku 17 baadaye alifariki. Bendi nyingine zilikuwa zimejaza siku nzima kabla yao. Hilo ndilo ninalokushauri hasa: tafuteni vijana wawashikie saa nzima ya mwanzo, ninyi mpige nyimbo kumi au kumi na mbili, zikiwemo zote sita za kwenu. Msizifiche za kwenu katikati ya za kukopi. Nyimbo za ng'ambo kila mtu anazo kwenye simu, lakini za kwenu haziko popote isipokuwa kwenye vichwa vyenu watano.

Kuna watakaokuuliza kwa nini Mswahili mzima anarudi kupiga roki badala ya dansi. Wakumbushe kwamba Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya roki ya Queen, alizaliwa Unguja mwaka 1946, na kwamba Dar es Salaam ya miaka ya 1970 ilikuwa na vikundi kama Afro 70 ya Patrick Balisidya na Sunburst, ambavyo havikuomba ruhusa kuchanganya gitaa la umeme na ngoma za kwetu. Tofauti iliyopo ni kwamba bendi zetu za dansi hazina mila ya kurudi, kwa kuwa hazina mila ya kufa. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ikawa JUWATA, ikawa OTTU, ikawa Msondo Ngoma. Mlimani Park ya mwaka 1978 imeondokewa na wapigaji wengi na bado jina la Sikinde linaita watu. Wao hubadilisha watu na kuendelea. Ninyi mna kazi tofauti, ya kuwasha kilichozimika, na hapo ndipo jina na fedha huleta maneno.

Kwa hiyo andikeni karatasi moja, hata kama mmekuwa marafiki tangu shule. Eagles, bendi ya roki ya Marekani, walivunjika mwaka 1980, wakarudi mwaka 1994 kwa shangwe, na mwaka 2001 wakamfukuza mpiga gitaa wao Don Felder kwa ugomvi uliohusu mgawanyo wa mapato, wakaishia mahakamani. Karatasi yenu iseme nani anamiliki jina la bendi baada ya onyesho, mapato ya mlangoni yagawanywe vipi, familia ya marehemu ipate nini (mimi ningesema fungu kamili, na la kijana liwe mbali), na nani mwenye picha za video zitakazopigwa. Kibali cha onyesho mtakiomba BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na kwa kuwa nyimbo za kukopi zina wenyewe, nendeni pia COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mapema mkaulize utaratibu wa malipo. Nyimbo zenu sita mzisajili hukohuko siku hiyohiyo.

Kuhusu ukumbi, Diamond Jubilee ni mkubwa mno kwenu, na uwanja wa wazi mwezi Desemba ni kucheza kamari na mvua za vuli. Tafuteni mahali penye paa panapochukua watu mia mbili hadi mia tatu, pajae. Ulizeni mambo ya umeme kabla ya kuuliza bei: kuna jenereta, nani anaiwasha, kuna stebilaiza, na je, waya wa ethi umefungwa kweli au umechorwa tu ukutani? Wewe ni mtu wa zamani, unaijua shoti ya kipaza sauti mdomoni. Kwa mtu wa miaka 67, pengine mwenye matatizo ya moyo, hiyo si ya kuchekea tena. Njooni na fundi mitambo wenu, apime. Nyuzi mpya zifungwe siku mbili kabla, zivutwe zizoee, kwa sababu joto na chumvi ya hewa ya Dar es Salaam huzichezea, na gitaa likitoka juani kuingia kwenye kiyoyozi hukataa kutuni kwa nusu saa nzima.

Nikueleze kisa kimoja, kisha nimalizie na mpangilio. Miaka kadhaa iliyopita nilikaa kwenye miksa ya kundi moja la wazee, katika ukumbi mmoja wa hapa mjini. Mwimbaji alikataa kushusha kii. Tena alitaka wafungue na wimbo wao wa kelele kuliko zote, ili watu wajue wamerudi. Wimbo wa kwanza watu walisimama. Wa pili nikaona ameanza kushika stendi ya kipaza sauti kwa mikono miwili na kugeuza uso pembeni kila alipokaribia noti ya juu. Nikamwongezea sauti, monita (spika ya jukwaani inayomrudishia mwimbaji sauti yake) ikaanza kupiga mluzi, nikapunguza. Wimbo wa nne alielekeza kipaza kwa watazamaji waimbe kiitikio, nao waliimba, wakidhani ni mbwembwe. Mimi niliyekuwa na sauti yake masikioni nilijua hana kitu tena, na zilibaki nyimbo kumi na moja.

Basi ninyi fungueni na wimbo wa mwendo wa kati, uliolala katikati ya sauti yake, wenye utangulizi mrefu wa ala ili mikono ipate joto kabla ya koo. Wimbo mgumu kuliko wote uwe wa nne au wa tano, koo likiwa limefunguka na halijachoka. Baada yake wekeni wimbo anaouimba mtu mwingine, au wa ala tupu, mwimbaji aketi anywe maji ya vuguvugu, si ya barafu. Wekeni viti jukwaani tangu mwanzo, vyote, ili atakayechoka aketi bila kuonekana ameanguka. Fikeni ukumbini saa nane mchana, mpime sauti mpaka saa kumi, kisha mkapumzike. Msikae pale mkisalimiana na kupaza sauti hadi jioni, kwani nimeona koo nyingi zikiishia kwenye salamu. Pandeni saa mbili na nusu usiku, mshuke kabla ya saa nne.

Baada ya mazoezi ya tatu nitumie rekodi, hata ya simu. Anza na ile ya besi na drams peke yao.